Kete 30 za Matondoni

Siku ya 1, Jumamosi. Mombasa hadi Malindi

Nimetoka Kisauni alfajiri na mabegi mawili, moja la nguo na jingine la kazi: futi ya kupimia, kopo la chokaa, daftari, na simu ya pili yenye kamera nzuri kuliko hii ninayoandikia. Ile mashine ya rada ya kupimia kasi ya mpira sina, wala sijawahi kuwa nayo. Simu itatosha.

Sababu ya safari ni video ya sekunde 9. Alinitumia mwalimu mwenzangu anayefundisha Lamu. Kijana yuko chini ya mwembe, anaokota jiwe, analivurumisha, na embe moja la juu kabisa linaanguka. Halafu la pili. Halafu la tatu. Hakuna jani lililodondoka. Mimi wikendi hufundisha besiboli vijana wa sekondari, na watoto wa kupopoa maembe nimewaona chungu nzima. Hata mimi nimepopoa, na nimechapwa kwa kupopoa. Lakini video hiyo niliirudia mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeingia biashara ya maembe.

Malindi nimelala kwa ajili ya glavu. Kuna mzee mmoja wa Kiitaliano upande wa Casuarina, kwao ni Nettuno, mji wa pwani kusini ya Roma. Wanajeshi wa Marekani walishuka ufukwe wa kule mwaka 1944, na vita vilipotulia wakawaachia wenyeji mchezo wao. Nettuno mpaka leo ni mji wa besiboli. Ndiyo maana mzee huyu, katika Malindi ambapo Waitaliano wenzake hawana habari ila ya soka na samaki, anaweka sanduku la glavu chini ya kitanda.

Kiswahili chake ni cha sokoni, hakina viambishi. "Mkono mzuri si kitu," aliniambia akinimiminia kahawa. "Tazama mguu. Mguu, kiuno, halafu mkono." Amenipa glavu 2, ile ya mdakaji imepasuka kidoleni, na mipira 7. Malipo aliyotaka ni maembe ya Lamu.

Siku ya 2, Jumapili. Malindi hadi Lamu

Basi, daraja la Sabaki, Garsen, Witu, vizuizi vya polisi na vitambulisho, kushuka na kupanda. Joto la Desemba. Sina la kueleza ambalo msafiri wa njia hii halijui.

Jirani yangu wa kiti aliona glavu. "Besiboli ndiyo ile ya gongo?" Ndiyo. "Na kuna Mwafrika aliyefika kule?" Nikamwambia yupo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyeingia ligi kuu ya Marekani Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates, wa kwanza kuzaliwa Afrika, na mpira wa kwanza kabisa kuupiga ukampeleka salama kituo cha kwanza. Nikamwambia na Waganda: watoto wa Lugazi walikwenda mashindano ya dunia ya watoto Marekani mwaka 2012, na miaka 10 baadaye klabu ya Los Angeles Dodgers ikasaini vijana 2 warushaji kutoka Uganda. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Sasa wewe huyo wako anacheza klabu gani?"

Hachezi popote. Hajawahi kushika mpira wa besiboli. Jirani akanitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe kwa picha.

Lakini haya si mapya. Mwaka 2008 Rinku Singh na Dinesh Patel, vijana wa India waliokuwa wakirusha mkuki, walishika nafasi mbili za kwanza katika shindano la kurusha mpira kwao, na mwishoni mwa mwaka huo huo Pirates wakawasaini wote wawili. Hawakuwa wamekulia katika besiboli. Walikuwa na mikono. Ligi kuu hawakufika, hilo nalo niliseme, maana wanaosimulia kisa chao wengi huishia kwenye saini.

Boti ya Mokowe, Lamu wakati wa magharibi. Nimelala Langoni, juu ya duka la mishumaa na betri.

Siku ya 3, Jumatatu. Matondoni

Matondoni iko upande wa pili wa kisiwa, na boti huifuata maji yakijaa. Ni kijiji cha majahazi. Hujashuka vizuri unasikia nyundo, na unapokewa na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa wanayopakia vyombo. Mwalimu mwenzangu akanipeleka moja kwa moja barazani kwa babu yake kijana, nahodha mstaafu, aliyekuwa ameinamia bao. Nikasema shikamoo. Akaendelea kutakata. Shimo kwa shimo, komwe, zile mbegu za kete, zikilia, hadi akalala, yaani zamu yake ikaisha. Ndipo akainua macho.

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, keti."

Kijana, wenzake humwita Teo, kwa kuwa mkono wake ni kama teo, kombeo la kurushia mawe. Ana miaka 16, kidato cha pili, mwembamba, na vidole virefu ambavyo nilivitazama kabla ya kumtazama usoni. Nilimpa mpira. Akaugeuza, akaukwaruza kwa ukucha. "Mbona mgumu hivi?" Akaupima uzito kwa kuurusha juu kidogo na kuudaka, mara mbili tatu, kama mtu anayechagua jiwe. Mpira wa besiboli una kati ya gramu 142 na 149. Mawe yake hayana kipimo, ila nadhani yeye anacho.

Nikavaa glavu, nikachutama hatua 15 mbali naye. Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa changu kwa dhiraa nzima ukagonga paa la makuti. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu ukamfukuza mbuzi. Wa nne ulitua ndani ya jahazi ambalo halijatiwa kalafati, na fundi akatoka nao mkononi akiuliza kama tumetangaza vita. Kati ya mipira 12 nilidaka 2.

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Teo akafura. Mimi nilikuwa nimefurahi, ila sikuonyesha, kwa sababu mipira yote 12 ilikosea upande mmoja: juu. Kulia wala kushoto haikwenda. Mkono uliozoea maembe hutupa juu; jiwe huachwa mapema, wakati kiganja bado kinatazama mbingu. Mrushaji wa besiboli husimama juu na kutupa kuelekea chini, kwa hiyo huuachia mpira mbele zaidi, mkono ukiwa umeshavuka uso. Hitilafu ya aina moja ni rahisi. Anayekosea kila upande ndiye hunikosesha usingizi.

Mama yake alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia la mlango. "Mwalimu, huo mpira nipe niutazame."

Ni mshonaji wa kofia za vito. Kofia aliyokuwa nayo mapajani ilikuwa na vitundu vidogo kama macho ya dagaa, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Aliushika mpira kwa mikono miwili akaufuata mshono mwekundu kwa kidole gumba, taratibu, kuuzunguka wote.

"Haukushonwa kwa mashine huu."

Nikamwambia kweli, mipira ya ligi kuu ya Marekani hushonwa kwa mkono mpaka leo, Turrialba, huko Costa Rica, mishono 108 ya uzi uliotiwa nta. Akarudi kuuzunguka tena. "Mwanzo wa uzi uko wapi?" Umefichwa, nikasema, mshono wa kwanza na wa mwisho haionekani. Hakuniamini. Aliutafuta muda wa kupika chai, akiuinua kwenye mwanga wa mlango, sindano ikiwa bado katikati ya midomo. Kisha akanirudishia.

"Wanajua kazi."

Nilidhani tumeshamaliza. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Miaka miwili iliyopita, akasema, alikuja mtu kijijini kwa ajili ya kijana wa jirani, mchezaji wa soka. Wakala. Alichukua pesa za pasipoti, pesa za daktari, pesa za picha. Jirani aliuza mashua. "Na wewe wataka shilingi ngapi?"

"Sitaki kitu, mama."

"Basi wataka nini?"

Hapo nilikwama. Nilimweleza kambi ya likizo ya Aprili Mombasa, siku 10, nauli na chakula juu yetu, na kwamba atarudi kabla shule haijafunguliwa. Yote kweli. Lakini swali lake halikuwa hilo na sote wawili tulijua. Akavuta pazia. "Tutaona."

Siku ya 4, Jumanne. Tuta

Mrushaji husimama juu ya tuta. Kimo chake inchi 10, na juu yake hulazwa ubao wa inchi 24 kwa 6 ambao mguu wake hauruhusiwi kuuacha kabla ya kurusha. Mchanga wa Matondoni haukubali kusimama, kwa hiyo tulichota udongo mwekundu wa shambani, tukaujaza kwenye magunia, tukaumwaga juu, tukaushindilia kwa miguu ya watoto 15. Mtoto mmoja akauliza tuta la nini na hapa hapana gari.

Fundi wa jana, yule wa jahazi, ndiye aliyetoa kipande cha mbambakofi, akakiranda bila kuombwa. Nikatoa futi yangu kupima umbali wa kutoka ubaoni hadi kwenye kibao kilicho mbele ya mdakaji: futi 60 na inchi 6, ambazo ni mita 18.44, kipimo kisichoguswa tangu 1893. Babu akaniambia niweke futi. Akanyoosha mikono, kidole hadi kidole, akapima kamba. "Pima kumi," akasema, "na kitu kisichofika shubiri." Nikahakikisha kwa futi yangu. Pima moja ni futi 6. Pima 10 na inchi 6. Sikuwa nimewahi kuiona hivyo, na ninafundisha mchezo huu mwaka wa 11.

Kabla hatujaanza nilieleza sharti langu. Leo mirusho 30, haizidi. Nitahesabu kwenye daftari. Babu akauliza, "Utahesabu au utatazama?" Kisha akalivuta bao lake, akachota komwe 30 akaziweka kwenye kifuu cha nazi. Kila Teo akirusha, moja inatoka kwenye kifuu inaingia shimoni. Bao lina kete 64. Zilizobaki 34 hazichezeki. Mwenzake wa bao, mzee mwenye kanzu ya kijivu, aliondoka akinung'unika kwamba mambo ya Wazungu yameingia hata kwenye komwe.

Kete 5 za kwanza, mipira yote ikapaa. Nilimweleza Teo habari ya kuachia mbele, kiganja, kiwiko, nikamwonyesha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuwa mgumu, bega limepanda mpaka sikioni. Nimeliona hilo kwa vijana wengi: ukimtia maneno mkononi, mkono unasahau unachokijua. Nikanyamaza. Nikaomba boriti, nikailaza juu ya miti miwili mbele ya mdakaji, na kwa kamba ya kumbi nikaning'iniza embe bichi, usawa wa goti langu nikiwa nimesimama.

"Usinitazame mimi. Popoa hilo."

Akacheka. Uso ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu jana. Kete ya 6 ilipita kushoto kwa kiganja kimoja, lakini chini. Ya 7 ikagusa kamba. Ya 8 sikuiona. Nilisikia embe likipasuka na maji makali yakaniingia macho yote mawili. Nilipofumbua, watoto walikuwa wameshagawana vipande na mmoja ameenda kutafuta chumvi na pilipili.

Tumetumia maembe 4. Katika kete 22 zilizofuata mipira 13 ilipita eneo ambalo mwamuzi angeita straiki, yaani mrusho uliolenga, na mkono wake haukuambiwa neno.

Kasi nimeipima kwa simu. Kamera inachukua picha 240 kwa sekunde. Unahesabu picha tangu mpira unapotoka vidoleni mpaka unapogusa glavu. Teo anauachia kama mita 1 na nusu mbele ya ubao, basi njia ya mpira ni mita 17 hivi. Mrusho wake bora ulichukua picha 136, yaani sekunde 0.57. Hiyo ni karibu kilomita 108 kwa saa kwa wastani wa njia nzima. Kutoka mkononi ni zaidi kidogo, maana hewa huula mpira njiani.

Je, ni nyingi? Mrushaji wa ligi kuu siku hizi mpira wake wa kasi hufika kama kilomita 150 kwa saa. Kijana wa sekondari Marekani anayefuatwa na maskauti hukaribia 145. Teo hayuko karibu na hao, na mtu akimwambia yuko karibu anataka kumuuzia pasipoti. Lakini alikuwa na siku 2 tu za kushika mpira, pekupeku, juu ya tuta la magunia.

Kete zilipokwisha alikuwa bado anaiva. "Moja tu ya mwisho, mwalimu." Nilikuwa nakaribia kusema haya. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Babu akafunika kifuu kwa kiganja.

Siku ya 5, Jumatano. Miguu

Leo hakuna mpira. Nimemtazama Teo na baba yake wakitupa kimia maji ya kupwa. Mwitaliano wangu angelia machozi. Kimia hakitupwi kwa mkono: unakikunja begani, unageuka kumpa mgongo samaki, uzito kwenye mguu wa nyuma, kisha kiuno kinatangulia, kifua kinafuata, mikono ndiyo ya mwisho, na wavu unafunguka kama sahani. Kijana huyu amekifanya tangu ana miaka 8. Juu ya tuta hakukitumia hata kidogo. Alisimama wima kama anayepopoa. Nikamwomba asimame tutani bila mpira na atupe kimia ambacho hakipo. Mara 10, 20. Wapita njia walimwona mwendawazimu.

Jioni nilikaa na babu nikamweleza kwa nini nahesabu. Nilipokuwa na miaka 17, mkufunzi wangu alinirushisha mechi 2 Jumamosi na ya tatu Jumapili, kwa sababu tulikuwa tukishinda na mimi nilikuwa nikisema siumwi. Nikanyoosha mkono wa kulia mbele yake. Haunyooki. Unaishia kama ndoana. Ndani ya kiwiko kuna kano fupi inayozuia mkono usifunguke upande, na kila mrusho wa nguvu huivuta. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji aliyeitwa Tommy John, akatoa kano mkono mwingine akaipandikiza kiwikoni, na mtu akarudi uwanjani 1976 akashinda mechi 164 nyingine. Upasuaji huo sasa una jina lake, na wanaofanyiwa ni pamoja na watoto wa shule. Kule kuna wa kuufanya. Mimi nilipewa dawa ya kuchua.

Babu alinishika kiwiko, akakikunja na kukikunjua, akitazama kando kama anayesikiliza injini.

Siku ya 6, Alhamisi. Mkono wa kushoto

Leo ilikuwa siku ya mtihani. Kete 30 nyingine, kamera, na ile fomu yangu yenye kisanduku cha kasi ambacho watu wa kambi hukiangalia kabla ya jina.

Tulikula kwanza. Sinia moja, wali wa nazi na samaki wa kupaka, sisi wanaume 5 tumelizunguka. Teo akanyoosha mkono wa kushoto akamega tonge.

Kimya. Babu akamkodolea macho. "Toka lini?"

Kijana akaurudisha haraka, akaleta wa kulia, na hapo nikaona. Mkono ulipanda mpaka usawa wa kifua ukasimama. Akainamisha kichwa kuufuata wali badala ya wali kuufuata mdomo. Nikaacha kula.

Ilitoka polepole. Jana jioni, mimi na babu tukizungumza barazani juu ya kiwiko changu, vijana wa mjini walikuja na mashua. Wamesikia habari za Teo. Wakaweka kopo juu ya mlingoti wa jahazi bovu: akiligonga shilingi 50 zake, akikosa 20 zao. Walicheza mpaka giza. Akatoa mfukoni noti na sarafu akaziweka kwenye mkeka, shilingi 650, kwa mkono wa kushoto.

"Mara ngapi umerusha?" Babu.

"Sikuhesabu."

Nilikasirika, na si kwake. Mimi ndiye niliyempa kijana wa miaka 16 siku nzima ya kutupa wavu usiokuwepo, wakati watu wanamwita stadi. Nilimshika mkono. Nikabonyeza ndani ya kiwiko, pale penye ile kano: hakushtuka. Nikamwambia anisukume kiganja: sawa. Maumivu yako nyuma ya bega, kwenye nyama, mapana, si ya kuchoma. Mimi si daktari. Lakini hayo yake ni mageni kwangu, na ningependa yabaki hivyo. Tumekubaliana: harushi chochote, hata embe, na yasipotulia baada ya siku chache mama yake atampeleka hospitali, wala asidanganywe na dawa ya kuchua.

Mtihani nimeufuta. Kisanduku kiko wazi.

Mchana nilimweleza babu taratibu wanazofuata Marekani kwa vijana wa miaka 15 na 16, nikiwa nachezea komwe mkononi. Mirusho 95 ndiyo kikomo cha siku, hata kama anacheza fainali. Ikifika 30, anaweza kurusha kesho yake. Kuanzia 31 hadi 45 anapumzika siku 1. Hadi 60 siku 2. Hadi 75 siku 3. Kuanzia 76 siku 4. Babu alitaka kila hesabu irudiwe, akaiweka kwenye mashimo ya bao, shimo kwa shimo, siku kwa komwe, na alipofika mwisho akaitazama kwa muda.

"Naye hajui alirusha ngapi."

"Hajui."

"Basi hisabu ile ya yuu."

Siku 4, na tangu leo. Mimi naondoka kesho.

Mama yake aliniita mlangoni jua likizama. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni. Alikuwa na mpira mmoja, ule uliopasuka mshono kwenye mlingoti jana, na alikuwa ameushona. Uzi wake ni mweupe wa kofia, mishono 6 kati ya ile myekundu. Nilipitisha kidole na sikuhisi pa kuanzia.

"Aprili tarehe ngapi?" akauliza.

Siku ya 7, Ijumaa. Kurudi

Boti ya alfajiri kwa sababu ya maji. Teo alikuja na begi la maembe kwa mkono wa kushoto, embe ngowe, za Mwitaliano. Anasema bega limelegea kidogo. Nimemwachia glavu zote 2 na mipira 5, na vyote nimemkabidhi babu, si yeye. Babu atamruhusu kete 15 wiki ya kwanza baada ya mapumziko, kisha 20, na 30 baada ya mwezi, siku 3 kwa wiki, embe likiwa chini. Yule mzee wa kanzu ya kijivu ametishia kununua bao lake mwenyewe.

Kwenye fomu, mahali pa kasi nimeandika 108 na neno "jaribio". Chini, penye maoni, nimeandika habari ya kimia na embe mpaka nafasi ikaisha. Watanicheka.

Mokowe, basi limeshawasha injini, nikatafuta nauli mfukoni nikakuta kitu cha duara, baridi, cha kijivu. Komwe. Nimeondoka nayo jana bila kujua. Nikampigia babu kabla mtandao haujapotea, nikaomba radhi, nikasema nitaituma na boti ya kesho.

"Usitume," akasema. Nyuma yake nikasikia nyundo. "Nimezihisabu, ni ishirini na tisa. Atarusha ishirini na tisa mpaka uilete."